Walianza kwa kuomba ratiba ya ndege: maoni yangu kuhusu huduma ya kurekebisha mitambo ya baridi na joto kwenye jengo la abiria

Nianze na sifa: hawa jamaa hawakutuuzia mashine hata moja. Kampuni zilizowatangulia zote zilikuja na picha za chila mpya zinazong'aa (zile mashine kubwa zinazopoza maji ya viyoyozi), na kila moja ilikuwa na mahesabu yake ya kuonyesha kwamba zetu zimezeeka. Hawa walikuja na ngazi, kompyuta mpakato na sanduku la vipimajoto.

Mimi ni msimamizi wa zamu kwenye kitengo cha mitambo cha kiwanja cha ndege. Viyoyozi, boila, pampu, feni za kutoa hewa chafu, vyote viko mikononi mwetu. Abiria akisikia baridi, simu inalia kwetu. Akisikia joto, inalia kwetu vilevile, na mara nyingi malalamiko yote mawili yanatoka ukumbi uleule ndani ya saa moja. Jina la kampuni silitaji. Huduma ya namna hii inatolewa na wengi, na nilichokusudia ni kumsaidia mtu anayefikiria kuinunua ajue inasaidia wapi na inachechemea wapi.

Huduma yenyewe ni hivi: wahandisi wanakuja kwenye jengo ambalo tayari linafanya kazi, wanapima, wanalinganisha namna mitambo inavyoendeshwa leo na namna inavyopaswa kuendeshwa, kisha wanarekebisha vilivyopo. Hakuna kubomoa ukuta wala kufunga ukumbi. Kazi kubwa inafanyika usiku, abiria wakiwa wachache.

Siku ya kwanza nilijiandaa kuwapeleka chumba cha chila, kwa sababu wageni wote huwa wanataka kupiga picha pale. Hawakutaka. Waliomba ratiba ya ndege, ile ya wiki nzima, pamoja na mgawo wa mageti. Baada ya hapo wakaomba kumbukumbu za mfumo wa kusimamia jengo: joto la kila ukumbi, kasi ya kila feni, vali ziko wazi kiasi gani, saa kwa saa. Wakajifungia na hayo makaratasi. Wenzangu waliguna kwamba tumeletewa makarani.

Kumbe hapo ndipo penye utamu wa kazi yote. Jengo la abiria hujengwa kwa ajili ya saa yenye watu wengi kuliko zote, halafu linaishi saa nyingi zilizobaki likiwa nusu tupu. Mtu aliyeketi hutoa joto la takriban wati 100. Ukumbi wa geti ukijaa abiria 200 wanaosubiri kuitwa, hizo ni kilowati 20 za joto zilizoingia kwa miguu. Ndege ikijaza watu, joto hilo lote linatoka kwa mlango mmoja ndani ya muda mfupi, na ukumbi unabaki na viti. Mitambo yetu ilikuwa haijui kama watu wameondoka. Feni zilisukuma hewa ileile saa nane usiku kama zilivyoisukuma saa mbili asubuhi, na hewa hiyo ilikuwa imepozwa kwa gharama kamili.

Walichora ramani mbili na kuziweka juu kwa juu: moja ya mahali watu walipo kwa kila saa, nyingine ya mahali hewa baridi inapokwenda. Hazikufanana hata kidogo. Meneja wetu aliitazama kwa muda, akauliza kama kile kidude chekundu kwenye kona ni ukumbi wa geti la mwisho. Ndicho. Geti hilo hutumika kwa msimu, na ule haukuwa msimu wake.

Inverta za kubadilisha kasi ya mota tulikuwa nazo tayari. Zilifungwa zamani, na karibu zote zilikuwa zimewekwa kwa mkono kwenye kasi kamili, maana yake tulikuwa na breki na gia lakini tunaendesha kwa mguu mmoja juu ya mafuta. Aliyeziweka hivyo alihamishwa kabla sijaja, kwa hiyo lawama zote tunamtupia yeye. Kwa feni, umeme unaohitajika hupanda na kushuka kwa kipeo cha tatu cha kasi. Ukiishusha kasi hadi asilimia 80, mahitaji ya nguvu yanashuka hadi karibu nusu. Ukiishusha hadi nusu, kwenye karatasi inabaki sehemu moja ya nane. Kwenye chumba cha mashine huwa ni zaidi kidogo ya hapo, kwa sababu inverta nayo ina chake inachokula na dakti, yaani njia za hewa, zinadai shinikizo fulani ili hewa ifike tundu la mwisho. Hata hivyo hakuna kitu kingine kwenye jengo hili kinachorudisha kiasi hicho kwa kugeuza namba tu kwenye skrini.

Waliunganisha mageti na ratiba. Sasa ukumbi unaamshwa kabla ya abiria kuanza kufika, unaendeshwa kwa nguvu wakati wa kusubiri, na ndege ikishaondoka unaachiwa joto lipande kidogo au, wakati wa baridi, lishuke kidogo. Ndege ikichelewa, ratiba inajirekebisha kwa kuwa inasoma taarifa zilezile zinazopelekwa kwenye ubao wa abiria. Juu ya hapo wakaweka vihisi vya kaboni dioksidi. Hewa ya nje ina zaidi kidogo ya chembe 420 kwa milioni. Watu wakijazana ndani, namba inapanda, na ndiyo inayoiambia mashine ilete hewa mpya kiasi gani. Hapo zamani mashine ilileta hewa ya nje kwa kiwango cha ukumbi uliojaa, mchana na usiku, na hewa ya nje ndiyo ghali kuliko zote kwa sababu inakuja na joto lake na unyevu wake.

Sehemu iliyonifanya nianze kuwaheshimu, lakini, ni ile mashine inayopuliza hewa ukumbi wa kuwasili.

Ukumbi huo ulikuwa na joto lisiloisha. Kwenye skrini tuliona kila kitu kiko sawa: vali ya maji baridi imefunguka asilimia 100, vali ya maji ya moto asilimia 0, feni inakwenda. Bado ukumbi ukawa kama umekataa kupoa. Hitimisho la kila aliyepita lilikuwa kwamba mashine ni ndogo, inatakiwa kubwa zaidi. Kulikuwa na nukuu ya bei kabatini.

Mhandisi wao mmoja, binti mdogo mkimya sana, aliomba tu tumfungulie mlango wa mashine. Akaweka kipimajoto kabla ya koili ya moto, yaani yale mabomba ya maji ya moto ambayo hewa hupita katikati yake, na kingine baada yake. Hewa ilikuwa inatoka kwenye koili ya baridi ikiwa nyuzi 13, safi kabisa. Ikipita kwenye koili ya moto, ambayo kwa mujibu wa skrini ilikuwa imefungwa, ilitoka ikiwa nyuzi 19.

Mzee wetu wa boila akaliwekea bomba kiganja, akakiondoa haraka.

"Binti, hiyo kompyuta yako inasema vali imefunga?"

"Ndiyo mzee, inasema imefunga."

"Basi imeambiwa ifunge. Haijafunga."

Ndivyo ilivyokuwa. Skrini huonyesha amri iliyotumwa, haionyeshi kilichotokea kwenye bomba. Kiti cha vali kilikuwa kimeliwa, maji ya moto yanapenya siku zote. Boila inachoma mafuta ili kupasha hewa ambayo chila imekwisha kula umeme kuipoza, ukumbi unapata joto, kidhibiti kinaona joto na kuomba baridi zaidi, chila inaongeza bidii. Vita hivyo vilikuwa vinapiganwa ndani ya sanduku la bati juu ya dari na vyama vyote viwili tulikuwa tunavilipia sisi. Vali moja ikabadilishwa. Ukumbi ukapoa. Ile nukuu ya bei ya mashine kubwa sijui iko wapi sasa.

Baada ya hapo walizipitia mashine zote kwa mtindo huo: funga vali ya moto, subiri, pima pande mbili za koili, funga ya baridi, subiri, pima. Dampa za hewa ya nje, yaani vile vipande vya kufungua na kuzuia hewa, nazo: amuru ifunge, kisha panda ukaitazame kwa macho. Nyingine zilikuwa zimekwama wazi kwa kutu, nyingine mkono wa mota ulikuwa unazunguka bure kwa kuwa skrubu imelegea. Kazi ya kuchosha, isiyo na picha nzuri ya kuweka kwenye ripoti. Nikiambiwa nichague sehemu moja tu ya huduma hii ya kulipia, nitachagua hii na kuacha zingine zote.

Kuna aina nyingine ya vita vya moto na baridi ambayo si uharibifu, na waliishughulikia nusu. Ili kukausha hewa yenye unyevu mwingi, lazima uipoze sana mpaka maji yadondoke kwenye koili, halafu unaipasha tena kidogo ili abiria wasigande. Kwa hiyo boila inakuwa kazini hata miezi ya joto. Wao walibadilisha mantiki: mashine sasa inapima unyevu halisi wa hewa ya nje, na siku zilizo kavu haipozi mpaka nyuzi 13 bila sababu. Dawa kamili ni kuchukua joto ambalo chila inalitupa nje na kulitumia kupasha hiyo hewa, joto la bure ambalo vinginevyo linakwenda kuwapasha ndege wa angani. Hilo linahitaji mabomba na kibadilisha joto, na mkataba wao haukuhusu mabomba. Waliliandika kama pendekezo na kuliacha hapo. Sawa, lakini ningependa walau mchoro.

Sasa milango. Walileta kijiti cha kutoa moshi, wakasimama nacho kwenye milango mikuu, kwenye milango ya madaraja ya kuingilia ndege na kwenye matundu ambayo mikanda ya mizigo inapita kutoka nje. Moshi wote ulikuwa unakimbilia ndani. Maana yake jengo linavuta: feni za vyooni na za majiko ya migahawa zinatoa hewa nyingi kuliko ile tunayoingiza, na pengo linazibwa na hewa ya nje ambayo haijapita kwenye chujio, haijapozwa wala kukaushwa. Kwenye matundu ya mizigo, zile pazia za plastiki zilikuwa zimebaki vipande viwili vitatu kama meno ya mzee. Zikabadilishwa, na vifuniko vya mikanda vikawekwa vijifunge mkanda unaposimama.

Hapa walijikwaa. Walizipunguza feni za kuingiza hewa usiku kabla ya kuzigusa feni za vyooni. Jengo likaanza kuvuta kuliko mwanzo, milango ya mbele ikapiga mluzi, na mlango mmoja wa kusukuma ukawa mgumu kiasi kwamba mama mmoja mwenye mtoto alishindwa kuufungua. Mlango ambao mtu hawezi kuufungua ni suala la usalama wa moto, si suala la umeme. Tuliwapigia simu usiku huohuo na walirudi, wakaziunganisha feni za kutoa hewa zifuate zile za kuingiza ili jengo liwe linasukuma nje kidogo muda wote. Walifanya haraka, nakiri. Lakini hili lipo kwenye vitabu vyote vya fani. Hatukupaswa kuwa sisi wa kuwakumbusha.

Kwenye milango mikuu tuna vyumba vya kati, yaani mlango wa nje, nafasi, halafu mlango wa ndani. Nia ya nafasi hiyo ni kwamba mmoja ufunge kabla mwingine haujafunguka. Kiwango cha ASHRAE, chama cha Marekani cha wahandisi wa joto na baridi, kinachotumika sana duniani, kwa kawaida kinataka kisichopungua mita 2.1 kati ya milango hiyo, na kwa mtu anayetembea na begi inatosha. Kwa familia yenye toroli mbili, haitoshi: wa mbele wameshika mlango wa ndani, wa nyuma bado wako kwenye wa nje. Walichofanya ni kugeuza pembe za vihisi ili anayepita tu barazani asifungue mlango. Kilisaidia. Toroli bado zinashinda.

Maji ya baridi, kwa kifupi. Chila zetu zilikuwa zinatoa maji ya nyuzi 6 mwaka mzima, siku ya jua kali na siku ya mawingu. Kwa kawaida kila nyuzi moja unayoiongeza kwenye maji hayo humpunguzia chila umeme kwa asilimia 2 hadi 3 hivi, kwa hiyo siku nyepesi hakuna sababu ya kushuka chini hivyo. Waliweka maji yapande yenyewe hadi nyuzi 9 pale ambapo mashine zote zimeridhika. Wazo sahihi, na ni sehemu ya mwongozo wa ASHRAE namba 36 uliotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2018, ambao ndio waliokuwa wakiufuata karibu neno kwa neno.

Ila mwongozo huo umeandikwa kwa ajili ya majengo kwa jumla, na kiwanja cha ndege kina mkia wake. Ndege ikiwa imeegeshwa getini, sisi ndio tunaoipelekea hewa baridi kwa lile bomba kubwa la njano linaloonekana chini ya daraja, ili rubani azime injini ndogo ya mkiani na asichome mafuta akiwa amesimama. Mashine hizo za mageti zinanyonya maji kutoka kwenye chila zilezile. Maji yalipofika nyuzi 9, ukumbi ulikuwa sawa kabisa na ndege ikawa tanuri. Ndege iliyoegeshwa juani na milango wazi haina huruma. Wahudumu wakalalamika, na marubani wakaanza kuwasha injini ndogo, yaani umeme tuliouokoa ndani ukalipwa kwa mafuta nje. Walikuwa hawajaziweka mashine hizo kwenye hesabu yao hata kidogo. Tulikubaliana kwamba geti likiwa na ndege iliyounganishwa, maji yanashuka, na zikiwa hazipo yanapanda. Kama unaajiri watu wa namna hii, swali la kwanza kuwauliza liwe hilo. Wakikukodolea macho, hawajawahi kufanya kazi kwenye kiwanja cha ndege.

Ripoti yao ni nene. Sura moja nzima ni ya mifano ya viwanja vya ndege vya duniani, na nina ugomvi nayo. Wametuonyesha Suvarnabhumi ya Bangkok, iliyofunguliwa mwaka 2006, ambako mabomba ya maji baridi yamelazwa ndani ya sakafu na hewa inaingizwa chini, polepole, ili wapoze zile mita chache ambazo watu wamo na kuacha joto likae juu chini ya paa. Wametuonyesha Arlanda ya Stockholm, ambako tangu mwaka 2009 wanatumia maji yaliyo ndani ya tuta la changarawe chini ya ardhi: majira ya joto wanachota maji ya baridi na kuyarudisha yakiwa na uvuguvugu, majira ya baridi wanayachota yenye uvuguvugu ili kupasha hewa ya kuingia na kuyeyusha theluji pale ndege zinapoegeshwa. Kuna Gardermoen ya Oslo, inayorundika theluji ya majira ya baridi na kuihifadhi ili ipoze jengo majira ya joto. Kuna Orly ya Paris, inayopata joto kutoka kwenye maji ya moto yaliyo zaidi ya mita 1,500 chini ya ardhi.

Nimesoma yote kwa raha. Lakini sakafu yetu imekwisha kumwagwa, tuta la changarawe hatuna, na theluji si kitu cha kuagiza dukani. Hiyo ni mifano ya watu waliopanga jengo kabla ya kulijenga, au waliobahatika na ardhi yao. Katika kurasa zote hizo kitu kimoja ndicho kilichotufaa: lile wazo la Bangkok la kuacha joto likae juu. Vihisi vyetu vya joto kwenye ukumbi mkuu vilikuwa vimefungwa juu sana ya nguzo, juu ya vichwa vya watu wote, mahali penye joto ambalo halimsumbui yeyote. Walivishusha hadi usawa wa mtu aliyesimama, na mara moja mashine ikaacha kuhangaikia hewa ya darini. Hilo wameliandika kwa sentensi moja tu, ukurasa ambao hakuna anayeufikia. Mimi ningelitengea sura nzima na theluji ningeiacha ikayeyuka.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Nyota niliyoizuia ina sababu ninazoweza kuzitaja kwa vidole.

Mafunzo yalikuwa asubuhi moja, kwa zamu ya mchana peke yake. Zamu ya usiku, ambayo ndiyo inayoishi na ratiba mpya, ilipewa karatasi. Matokeo yake ni kwamba malalamiko ya kwanza ya baridi yalipokuja usiku, kijana wa zamu alifanya kile anachokijua: akaiweka feni kwa mkono. Na kitu kilichowekwa kwa mkono kwenye jengo hili hakirudi chenyewe. Baadaye tuliwaomba waweke sheria kwamba amri yoyote ya mkono inafutika yenyewe zamu inapobadilika, wakaiweka kwa dakika chache. Kwa nini haikuwepo tangu mwanzo?

Vihisi kadhaa vya kaboni dioksidi viliwekwa karibu na matundu ya kuingizia hewa safi, kwa sababu waya ulikuwa unafika hapo kwa urahisi. Kihisi kinachopulizwa na hewa safi kitakwambia siku zote kwamba ukumbi hauna watu. Tulikitambua kwa pua: geti limejaa, hewa nzito, skrini inasema kila kitu salama.

Maduka na migahawa hawakuyagusa. Wapangaji wana viyoyozi vyao wenyewe, na baadhi ya viyoyozi hivyo vinatupa joto kwenye dari yetu, ambapo sisi tunalipoza upya. Majokofu ya vinywaji yaliyo wazi mbele yanapoza korido. Mkataba uliishia kwenye mlango wa duka, hewa haiujui mkataba.

Kisha hesabu ya faida. Walileta asilimia kwa kulinganisha bili za baada na bili za kipindi kilekile cha mwaka uliopita. Siirudii hapa kwa sababu siiamini. Mwaka huu na mwaka jana havikuwa na jua moja wala abiria sawa. Njia ya haki ni kurekebisha kwa joto la nje na kwa idadi ya abiria, na njia hizo zipo, zimeandikwa, zinajulikana. Kwamba matumizi yameshuka sina shaka nalo. Ninaona kwenye mita ya kila chila, ninaona boila inavyokaa kimya siku ambazo zamani ilinguruma. Ni kiasi gani hasa, bado ninadai.

Kuhusu zile chila zilizodaiwa kuzeeka: bado zipo. Siku moja zitaondoka, na sababu nzuri kuliko umri wao itakuwa gesi ya kupozea iliyomo, ya kundi la HFC, kwa kuwa gesi za kundi hilo zinapunguzwa duniani kwa awamu chini ya makubaliano ya Kigali ya mwaka 2016 na upatikanaji wake utazidi kuwa mgumu. Lakini siku hiyo tutanunua ndogo kuliko zile tulizokuwa tunauziwa, kwa maana sasa tunajua jengo linahitaji baridi kiasi gani likiwa halipigani na moto wake lenyewe. Hilo peke yake linatosha kuifanya huduma hii itangulie ununuzi wowote. Ukinunua kwanza na kurekebisha baadaye, umeshanunua mashine ya kupoza uvujaji.

Walirudi majira ya baridi kama mkataba ulivyotaka, na ilikuwa ziara nzuri kuliko ya kwanza. Matatizo yaligeuka kichwa chini: hewa ya moto inayotoka darini haishuki, inakaa kule juu inapasha paa huku abiria wameweka mikono kwapani. Walipunguza joto la hewa inayotolewa badala ya kuliongeza, jambo lililowashangaza wenzangu, kwa kuwa hewa ya moto sana huelea na ya uvuguvugu husambaa. Wakaongeza nguvu kwenye vipasha joto vya chini kando ya vioo. Wakagundua pia kwamba saa ya kuamsha jengo alfajiri ilikuwa ileile kila siku, iwe nje kuna baridi kali au ya kawaida, wakaiweka ijipangie yenyewe kulingana na baridi ya usiku huo.

Safari hii walifundisha zamu ya usiku, na yule mzee wa boila ndiye aliyepewa kijiti cha moshi kuzunguka nacho. Alikutana na mluzi mdogo kwenye mlango wa daraja la geti la saba ambao wao walikuwa wameupita.

Kama una jengo la abiria na unatafuta watu wa kazi hii, weka haya kwenye mkataba kabla ya kusaini: wapime koili zote kwa vali zikiwa zimefungwa, waorodheshe mashine za kuhudumia ndege kwenye mzigo wa chila, wahamishe kihisi chochote kilicho karibu na tundu la hewa, wafundishe zamu zote, na sehemu ya malipo isubiri mpaka wapite majira yote mawili. Wapangaji wa maduka waitwe kwenye kikao cha kwanza. Sisi tunawaita kwenye kikao cha pili, wiki ijayo, na muuza vinywaji ameshatuma ujumbe kwamba majokofu yake hayana mlango na hatauweka.